Fedha ya Bibi: Jinsi ya Kuitambua, Kujua Imetoka Wapi na Kuisafisha Bila Kuiharibu

Naandika huu mwongozo manake maswali ni yaleyale kila siku. Mtu kafungua kasha la bibi baada ya arubaini, kakuta mitali ya mguuni, kekee mbili tatu za mkononi, hirizi yenye minyororo, vyote vyeusi tititi, basi ananitumia picha: hii ni fedha kweli? Ni ya Oman au ya hapahapa? Niitie nini ing'ae? Na wengi wakituma picha tayari washasugua, hapo ndo moyo unaniuma, kwa sababu ule weusi waliousugua na ile nakshi waliyoilainisha ndivyo vilivyokuwa vinataka kuwajibu maswali mawili ya mwanzo.

Kwa hiyo shika utaratibu huu: kwanza tazama, alafu pima, alafu jua ya wapi, kusafisha ni mwisho kabisa. Ukigeuza huo mpangilio hakuna fundi wa kukurudishia ulichopoteza.

Nazungumzia fedha ya pwani yetu, Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, pamoja na ile ya Oman na Yemen iliyokuja na majahazi, na watu waliooana huku na huku. Kama una fedha ya nchi nyingine, sehemu ya kupima na kusafisha itakufaa vizuri tu, sehemu ya nakshi ndo haitakufaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye kamera nzuri, na mwanga wa dirishani (sio taa ya njano)
- Lenzi ya kukuzia, ile ndogo wanayotumia masonara au mafundi saa, ikuze mara kumi
- Sumaku ndogo yenye nguvu
- Mizani ndogo ya gramu yenye desimali mbili. Hii ni muhimu, mizani ya jikoni ya kupimia unga haitoshi
- Uzi mwembamba wa kushonea, na kikombe chepesi cha plastiki
- Mswaki laini wa mtoto, mpya
- Sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na ndimu
- Vipande vya kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, hakuna kitambaa kinachoishinda kwa fedha
- Maji ya mvua au ya chupa. Maji ya kisima ya huku kwetu mengi yana chumvi
- Daftari na kalamu

Usinunue dawa yoyote ya kung'arisha kwanza. Huenda usiihitaji kabisa.

Hatua ya 1: Piga picha kila kitu kikiwa vilevile ulivyokikuta

Kipige mbele, nyuma, kwa ubavu, na pale kinapofungia. Vikiwa viwili viwili vipige pamoja, manake mitali na bangili nyingi za zamani zilitengenezwa kwa jozi na jozi ikitenganishwa thamani inashuka. Minyororo iliyojisokota usiivute. Kama ndani ya kasha kuna kitambaa au kikaratasi kilichofungia kitu, kiache na kitu chake.

Hatua ya 2: Uliza wazee, leo, sio kesho

Chukua hizo picha umpelekee shangazi, bibi mdogo, jirani wa zamani, yeyote aliyekuwa anaonana na mwenyewe. Usimwulize "hii ni nini?", atakwambia bangili basi yamekwisha. Muulize: ilivaliwa mkono au mguu? Ilivaliwa harusini au kila siku? Ilitoka upande wa nani? Mwenyewe alikuwa anaiitaje? Majina ndo yanayopotea haraka zaidi. Wengi wetu tunasema bangili kwa kila kitu, wakati bibi zetu walitofautisha kikuku, kekee ile bapa pana, banagiri yenye vinundu au miiba, na mguuni kuna mtali na kuna furungu ambalo ni kubwa. Masikioni kuna vipuli vinavyoning'inia na kuna majasi yanayoingia kwenye ndewe, ile nyama ya chini ya sikio, puani kuna kipini na hazama, shingoni mkufu na kidani. Andika jina alilolitaja mzee hata kama unadhani kakosea.

Hatua ya 3: Soma metali kwa macho na sumaku

Anza na sumaku. Ikinata kwa nguvu, hiyo ni chuma iliyopakwa, imeisha hiyo. Isiponata bado hujajua kitu, kwa sababu shaba, shaba ya njano na alumini nazo hazinati. Na angalia pia isije ikawa kinachonata ni kipini tu cha kwenye bawaba, fundi aliweka kimsumari cha chuma lakini mwili wote ni fedha. Nimeona mtu kamgawia mtoto achezee kekee nzima kwa sababu ya msumari.

Sasa chukua lenzi utafute mhuri. 925 maana yake sehemu 925 katika 1000 ni fedha tupu, zilizobaki kwa kawaida shaba. 800 vilevile, ni fedha ya daraja la chini kidogo. Lakini usivunjike moyo ukikosa mhuri: kazi nyingi za zamani za Oman na za pwani hazina mhuri wa kiwango kabisa, sonara na mteja walijuana. Mara nyingi mhuri wa 925 uliokaa safi, wa herufi za Kizungu, unakwambia kitu ni kipya kuliko ulivyoambiwa.

Jihadhari na kitu kinachoitwa fedha ya Kijerumani. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, fedha ndani yake hamna hata chembe. Inang'aa, haisumbui kupiga weusi kama fedha, na ndo iliyojaa kwenye vitu vya watalii.

Mwisho tazama palipolika. Kitu kilichovaliwa miaka hulika pale kinapogusana na ngozi na nguo: upande wa ndani, kwenye vipini, kwenye matundu ya minyororo. Palipolika pakitokeza njano au wekundu kama shaba, kimepakwa fedha juu. Pakiwa peupe vilevile, hiyo dalili nzuri.

Hatua ya 4: Ipime majini

Hapa ndo watu wengi hawajui kwamba wanaweza kufanya wenyewe, tena bila kukwaruza kitu wala kukitia asidi. Kila metali ina uzito wake kwa ujazo. Fedha tupu ni gramu 10.49 kwa sentimita moja ya ujazo, ile ya 925 ni kama 10.36, na fedha ya reale (sarafu ya zamani, nitaieleza Hatua ya 5) ni kama 10.2. Shaba ya njano na fedha ya Kijerumani zinabaki kwenye 8.4 mpaka 8.9 hivi. Nafasi ni kubwa, huwezi kuchanganya.

Fanya hivi:

1. Pima kitu kikiwa kikavu. Andika.
2. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri.
3. Funga kitu kwa uzi, kining'inize kizame chote majini lakini kisiguse chini wala ubavuni. Uzi unaushika wewe.
4. Soma namba. Hiyo ndo ujazo wake.
5. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili.

Mfano, kekee moja ya kwetu nyumbani: kavu gramu 62.40, majini mizani ikasoma 6.10. 62.40 gawanya kwa 6.10 ni 10.23. Fedha, na ya daraja la sarafu. Kama mizani ingesoma 7.20 jibu lingekuwa 8.67, hapo ningejua ni shaba ya njano au fedha ya Kijerumani.

Rudia mara tatu, na tikisa uzi kidogo kila mara, kwa sababu vipovu vya hewa vinajificha kwenye nakshi na vipovu vinapunguza jibu.

ONYO: kipimo hiki ni cha vitu vigumu visivyo na uwazi ndani na visivyo na mawe tu. Furungu na mitali mingi ni mitupu ndani, mingine imewekwa vijiwe ili vilie ukitembea, mingine imejazwa lakiri au utomvu ili isibonyee. Hirizi za kisanduku nazo ni tupu. Hizi USIZIZAMISHE. Hata ukizizamisha jibu litakudanganya, na maji yakishaingia hayatoki.

Hatua ya 5: Kama kuna sarafu, isome vizuri

Hili ndo swali namba moja: "Imeandikwa 1780, ina maana ina miaka zaidi ya mia mbili?" Hapana. Ile sarafu kubwa yenye sura ya mwanamke ni reale ya Maria Theresa, malikia wa Austria. Alifariki 1780 na tangu hapo sarafu zikaendelea kupigwa na mwaka huohuo, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uarabuni na huku kwetu walizoea sura ileile na hawakutaka nyingine. Zilipigwa Vienna, baadaye hata Rome, London, Paris na Bombay, zote 1780. Kwa hiyo mwaka wa sarafu haukwambii chochote kuhusu umri wa kidani.

Ila inakwambia kuhusu fedha yenyewe. Reale moja ina gramu 28.07 na kiwango chake ni 833. Masonara wa Oman waliziyeyusha hizi hizi kutengenezea mapambo, ndo maana vitu vingi vya huko vinapima 10.2. Kuitambua ya kweli, tazama ukingoni: isiwe na mistari kama shilingi, iwe na maneno ya Kilatini yaliyoinuka pamoja na vijipambo. Chini ya bega la malikia pawe na herufi S.F. Zilizomiminwa kwa udongo mahali fulani huwa na ukingo mtupu au maneno yaliyofifia kama sabuni iliyotumika.

Pia utakutana na rupia za Kihindi. Zanzibar ilitumia rupia mpaka 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia ilikuwa fedha nzuri, gramu 11.66 kwa kiwango cha 917. Shilingi za fedha zilizofuata zilikuwa na fedha robo tu, kwa hiyo sonara aliyejua kazi yake alipendelea rupia.

Hatua ya 6: Sasa jua ya wapi

Weka vitu mezani kwa mwanga wa dirishani na tazama mambo matatu kwa mpangilio: uzito na unene, nakshi imefanywaje, kinafungaje. Kifungo ndo shahidi mzuri kuliko nakshi, manake nakshi inaigwa, kifungo kila fundi anafanya alivyofunzwa.

*Oman ya ndani, Nizwa, Bahla na majirani zao.* Nzito. Nakshi imepigwa kwa nyundo na patasi, ina kina, na mara nyingi juu ya fedha utaona vipande vya njano: hiyo ni karatasi nyembamba sana ya dhahabu iliyobandikwa sehemu sehemu. Watu wakiiona iliyochakaa wanadhani ni uchafu wa shaba wanaisugua mpaka inatoka! Usiguse. Bangili za huko nyingi zina vinundu au miiba minene, na ndugu zake ndo banagiri zetu, hata jina wenyeji wa Oman wanalo linalokaribiana. Kidani cha heshima ni kile chenye kisanduku cha hirizi katikati, mstatili au mraba, chini kimening'iniza minyororo yenye vikengele, pembeni reale zimelehemewa vishikio.

Na pete. Hapa nakaa kidogo kwa sababu pete ndo watu wanaziuza kwa bei ya bure. Mwanamke wa Oman alikuwa na seti ya pete kumi, vidole vyote, na kila kidole na umbo lake. Ukikuta pete yenye uso uliochongoka mbele kama jani au tone, hiyo ni ya kidole cha shahada, na kwa Kiarabu cha Oman jina lake linatokana na neno hilohilo. Kwa hiyo pete nne tano za maumbo tofauti ndani ya kasha moja, za fundi mmoja, sio mchanganyiko wa takataka, ni mabaki ya seti. Tafuta wenzake chini ya kitambaa.

Upande wa wanaume kuna jambia, kile kisu kilichopinda. La kawaida lina pete nne kwenye ala, la Saidi, linalonasibishwa na Al Busaid, ukoo unaotawala Oman, lina pete saba na mpini wake unafunikwa kazi ya nyuzi za fedha. Hesabu pete kwanza kabla hujasema kitu.

*Yemen na Hadhramaut.* Familia nyingi za Lamu na Mombasa zina asili ya huko kwa hiyo usishangae kuzikuta. Tazama kwa lenzi: ukiona vijichembe vidogo vya fedha, mviringo kama mbegu za ufuta, vimekusanywa vishada vishada, na nyuzi nyembamba zilizosokotwa zikazungusha ukingo, hiyo ni kazi ya Yemen. Walioiongoza walikuwa masonara wa Kiyahudi wa San'a na miji mingine, na wengi wao walihama 1949 na 1950 kwenda Israel, kwa hiyo kazi za mkono ule ni za kabla ya hapo. Kuna vipande vina jina la fundi limepigwa mhuri kwa Kiarabu au Kiebrania, huwa mgongoni, dogo sana.

*Mkono wa Kihindi.* Neno sonara lenyewe limetoka Bara Hindi, na pwani nzima maduka mengi ya sonara yalikuwa ya Wahindi. Kazi ya Kachi, kule Gujarat, inajulikana kwa maua na vikonyo vilivyojaa nafasi yote, hakuna pa kupumua, imeinuliwa kutoka nyuma. Vifungo vyake mara nyingi ni vya parafujo, unazungusha kinatoka.

*Unguja, Mombasa.* Hapa ndo ugomvi unapoanzia na mimi nina msimamo wangu. Mtu anataka nimwambie "hii ni ya Oman" kwa sababu anaona ikiwa ya Oman ina heshima zaidi. Tangu Seyyid Said, sultani wa Oman, ahamishie makao yake Unguja, kwenye miaka ya 1830 na 1840, kipande kimoja kinaweza kuwa kimefuliwa Mji Mkongwe na fundi wa Kihindi, kwa mfano wa Oman, kwa agizo la mwanamke Mswahili aliyetaka kiwe chembamba zaidi ili kimkae. Basi hicho ni cha Unguja. Kiite cha Unguja. Ukiona umbo la Oman lakini jepesi, maua ya Kihindi, kifungo cha parafujo, hapo ndo kwao.

*Lamu na visiwa vyake.* Masikio ndo yaliyopambwa zaidi. Majasi ya duara bapa ya ndewe, na vipuli vilivyopangwa ukingoni mwa sikio. Bapa za majasi zina nyota au ua la katikati, mgongoni pana kikonyo kipana. Kama umeona pete za Lamu zenye kipande cha sahani ya Kichina cha buluu na nyeupe, hizo nzuri, mafundi wa pale wanazitengeneza mpaka leo, ila ni mtindo wa siku za karibuni, usiuziwe kama za bibi wa bibi.

Kuhusu umri: usitegemee kitu cha miaka mia tatu. Uarabuni ilikuwa ni kawaida mwanamke akifariki fedha yake inauzwa na kuyeyushwa, na bibi harusi alitaka vya kwake vipya. Ndo maana vingi vilivyobaki ni vya kuanzia mwisho wa karne ya 19 na ya 20. Oman yenyewe baada ya 1970 pesa ya mafuta ilivyoingia wanawake wengi walihamia dhahabu, fedha ikamiminika masokoni, soko la Muttrah kule Muscat likajaa. Kilichobaki kashani kwako kimeponea chupuchupu.

Hatua ya 7: Kusafisha, kwa kiasi

Lengo sio ing'ae kama kijiko kipya. Lengo ni kutoa mafuta, vumbi na jasho, na kuacha weusi uliokaa ndani ya mashimo ya nakshi. Huo weusi ndo unaoifanya nakshi isomeke, na mafundi wengine waliuweka kwa makusudi.

1. Maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni. Kitu kigumu kisicho na mawe, osha kwa mswaki laini, ukifuata mistari ya nakshi, dakika mbili zinatosha.
2. Kitu kitupu ndani au chenye mawe, usikiloweke. Chovya mswaki, ukung'ute, pitisha, futa hapohapo.
3. Suuza kwa maji ya mvua au ya chupa.
4. Kausha kwa kanga, alafu kiache masaa kadhaa mbele ya feni. Sio juani, utomvu wa ndani unayeyuka.
5. Sugua kwa kanga kavu sehemu zilizoinuka tu, kwa kidole, polepole. Utaona inaanza kung'aa kama mbalamwezi. Acha hapo.

Sasa njia ya foili, manake najua utaniuliza. Unatandika foili bakulini, unaweka soda ya kuokea kijiko kimoja na maji ya moto, unaweka fedha iguse foili, weusi unahama. Inafanya kazi kweli, weusi ni fedha iliyoshikana na salfa na alumini inaichukua ile salfa. Lakini ni kwa mkufu mtupu au kijiko tu. Sio kwa nakshi, sio kwa chenye dhahabu ya kubandika, sio kwa chenye jiwe, sio kwa kitu kitupu. Na iwe soda ya kuokea, sio bekingi pauda, na sio magadi ya maharage.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nilishafanya. Furungu la shangazi yangu, moja kati ya jozi, nililitia kwenye foili na maji ya moto nikidhani namfurahisha. Lilitoka jeupe kama chokaa, nakshi yote imefutika machoni, na kesho yake asubuhi kwenye kitambaa pakawa na doa la hudhurungi, utomvu unatoka polepole kwenye mshono. Vijiwe vya ndani vilinata, halilii tena. Mwenzake ukilitikisa linalia hadi leo, na shangazi kila akiyashika yote mawili hulitikisa lile bovu kwanza.

Hatua ya 8: Kuhifadhi

Kila kipande peke yake ndani ya kitambaa cha pamba, alafu mfuko wa plastiki wa zipu, toa hewa, weka na kile kipakiti cha kufyonza unyevu kinachokuja na viatu. Usifungie rababendi, mpira una salfa na utaacha mstari mweusi kabisa. Usifungie sufu wala gazeti. Usiweke kabati la jikoni. Manukato, mafuta ya nywele na moshi wa udi vaa kwanza vikauke, fedha iwe ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa.

Na ivae! Fedha inayovaliwa inang'arishwa na ngozi na nguo, iliyofungiwa ndo inayopiga weusi.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Dawa ya meno. Ina mchanga mchanga, inakwangua.
- Ndimu na ukwaju. Bibi zetu walivitumia kwa vyombo vya shaba, lakini kwenye kidani chenye marijani au lulu asidi inakula jiwe lenyewe.
- Majivu na nyuzi za chuma za sufuria. Hapana, hapana.
- Dawa ya kufanyia nguo ziwe nyeupe. Klorini inaiunguza fedha.
- Kufungua hirizi kwa kisu kuona kilichomo. Mshono ukifunguka thamani inashuka, na kilichoandikwa ndani kiliandikwa kwa ajili ya mtu. Iache.
- Kumwachia sonara kitu na kuondoka. Akitengeneza mnyororo kaa naye. Mwambie alehemu kwa fedha, sio kwa ile risasi ya redio, manake risasi ikishaingia kwenye fedha, siku ikipashwa moto tena inatoboa shimo. Na mwambie asikitie kwenye asidi baadaye kukifanya kiwe cheupe.
- Kuuza kwa gramu. Akikiweka mizani kabla hajakigeuza nyuma kukitazama, anakununulia fedha ya kuyeyusha. Chukua chako uondoke.

Ukikwama

*Weusi umerudi ndani ya wiki moja.* Hujasuuza sabuni vizuri, au kipo karibu na mpira, sufu au jiko. Osha upya, badili mahali.

*Kuna kijani kwenye viungo.* Ni shaba iliyo kwenye lehemu, imeota kwa unyevu na jasho. Kijiti cha meno cha mbao kilicholoweshwa maji ya sabuni, kwangua kwa upole, kausha sana.

*Imekuwa nyekundu nyekundu baada ya kuoshea ndimu.* Kama ni sehemu zilizoinuka tu, upako umeisha, sio fedha ndani. Kama ni juu kote kama ukungu wa waridi, huenda asidi imetoa shaba juu. Sugua kwa kanga kavu kila siku kidogo, itapungua.

*Imetoka nyeupe isiyong'aa baada ya foili.* Usirudie foili. Kanga kavu, kisha ivae miezi kadhaa. Weusi wa kwenye nakshi utarudi wenyewe taratibu.

*Kipimo cha majini kimenipa 9.5.* Kwanza toa vipovu, rudia. Ikibaki hapohapo, ama kuna uwazi ndani usiouona, ama ni fedha iliyochanganywa shaba nyingi, nusu kwa nusu hutoa kama 9.7. Ikizidi 10.6, shuku risasi ndani.

*Bawaba ya kekee imeganda.* Usilazimishe, fedha iliyozeeka inakatika ghafla bila kujikunja. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, kiache mpaka kesho, jaribu kwa vidole tu. Bado? Tone jingine, siku nyingine. Moja ilinichukua siku tano.

*Bado sijui ya wapi.* Mtafute mtu anayejua lakini usimtumie picha moja ya mbele iliyowekewa filta. Mtumie nne: mbele, mgongoni, kifungo kwa karibu, na kitu kikiwa juu ya mizani namba ikionekana. Pamoja na lile jina aliloliita mzee wako.